Mwenda Bure Harudi Bure

Nyumbani kwetu Bacoor, mkoa wa Cavite, kusini kidogo mwa Manila, mtu hatoki mlangoni bila kuulizwa atarudi na nini. Ukienda hospitali kumjulia hali mgonjwa, unaambiwa pale getini kuna mama anauza ndizi za kukaanga zenye sukari, usimpite. Ukienda msibani ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kwetu ukitoka kwenye mkesha wa maiti ni mwiko kurudi nyumbani moja kwa moja. Lazima utue mahali kwanza ili marehemu apotee njia, asije akafuatana nawe hadi sebuleni. Na kwa kuwa umetua mahali, mahali penyewe ni duka. Na kwa kuwa umeingia dukani, umetoka na nini? Hapo hata ueleze kwamba umelia mpaka macho yamevimba, Lola, bibi yangu mzaa mama, anakutazama mikono kabla ya macho.

Mimi si mchoyo, hilo lieleweke mapema. Nina miaka 27, sijaolewa, na mshahara wangu unalipa umeme wa nyumba, intaneti na dawa za presha za Lola. Mchoyo angekuwa ameshahama zamani. Ninacholalamikia ni kwamba nchi yangu imeua safari ndogo. Safari kubwa zipo tele, watu wanakwenda Uarabuni wanakaa hadi watoto wao wanaota ndevu. Lakini ile safari ya kwenda mahali, ukakaa, ukatazama mlima, ukarudi ukiwa mwepesi kuliko ulivyokwenda, hiyo kwetu haipo.

Kwa nini niliitaka? Kazi yangu ni kupokea simu. Yapata mwaka 2010 Ufilipino iliipita India kwa kazi hii ya kuwajibu wateja wa kampuni za ng'ambo, tukashangilia sana, na hakuna aliyetukumbusha kwamba Marekani kukipambazuka, kwetu ndiyo usiku unaingia. Basi naingia kazini Makati saa tatu usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na katikati hapo wazee wa Ohio na Texas wananitukana kuhusu bili ambazo sikuziandika mimi. Kila tusi nalipokea kwa sauti ya asali. Tulifundishwa tutabasamu tunapoongea, eti tabasamu linasikika kwenye simu. Hasira nayo ingekuwa inasikika, Texas yote ingekuwa imeshahama.

Nikirudi asubuhi nalala, au tuseme najilaza, maana jirani yetu ana mashine ya kuimbia, ile unayoitumbukizia sarafu ikakupa muziki na maneno kwenye skrini, halafu ikamaliza kwa kukupa maksi. Mtaani kwetu wanaanza kuimba saa nne asubuhi. Kuna mzee mmoja ana wimbo mmoja tu, wa mapenzi, na mashine humpa 98 kila mara. Ndiyo maana haachi.

Nikataka kimya. Mapumziko ya wikiendi moja, niende Baguio.

Baguio iko kaskazini, kiasi cha kilomita 250 kutoka Manila, juu milimani, mita kama 1,500, penye misonobari, ukungu na baridi ya kuvaa sweta. Wamarekani walipoanza kututawala walishindwa na joto la Manila, wakaamua wajijengee mji huko juu, na wakamwita Daniel Burnham aupange, yuleyule aliyeichorea Chicago ramani yake. Walipasua milima ili barabara ifike. Wao walipanda kule kulikimbia joto. Mimi nilikuwa napanda kuwakimbia wao.

Nikatangaza mezani kwamba naenda Baguio.

"Na nani?" akauliza Nanay, mama yangu.

"Peke yangu, Nanay."

Vijiko vikasimama. Nanay akamtazama Kuya, kaka yangu mkubwa. Kuya akamtazama Lola. Lola akafanya ishara ya msalaba.

"Nani amekuacha, mwanangu?"

Lawama hii naipeleka sinema. Tangu mwaka 2014 ilipotoka filamu ya That Thing Called Tadhana, ambamo dada aliyeachwa na mpenzi anapanda Baguio na kuendelea hadi Sagada, mwanamke wa Ufilipino hawezi tena kupanda mlima peke yake bila kudhaniwa amevunjwa moyo. Ukionekana kituoni na begi moja na koti, watu wanakuonea huruma. Nilieleza kwamba hakuna aliyeniacha. Nikaeleza kwamba ili uachwe kwanza uwe na mtu, na mimi kwa zamu zangu wanaume pekee ninaozungumza nao wako Ohio. Hilo ndilo lililowasikitisha kuliko kuachwa.

Tita mkubwa, dada yake Nanay anayekaa nyumba ya pili lakini anakula kwetu, akasema Baguio nipaache. Niende Obando, kule Bulacan, mwezi Mei, kwenye sikukuu ambayo watu wanaotafuta mwenzi au mtoto hucheza barabarani mbele ya sanamu za watakatifu. Akasema yeye anamfahamu mtu aliyecheza Mei, Desemba akavishwa pete. Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Ufilipino ni nchi ambayo sheria yake haina talaka, isipokuwa kwa Waislamu. Ukiingia umeingia. Nchi ya namna hiyo ndiyo iliyostahili kuwa na shangazi wapole, wanaokuambia chagua polepole, mwanangu, kagua, lala, amka, kagua tena. Badala yake ndiko walikojaa shangazi wenye haraka. Na Tita mwenyewe anayenihimiza ana miaka mingi hajaongea na mumewe. Wanalala nyumba moja na ujumbe wao hupitia kwangu. "Mwambie mjomba wako gesi imekwisha." Nageuka. Mjomba yuko hapohapo, amesikia, anasubiri nimwambie.

Suala la mchumba lilipokwisha ndipo likaja suala lenyewe.

Lola akataka ufagio. Si ufagio wowote, bali ufagio wa Baguio, ule wa nyasi laini ambao mpini wake umesukwa kwa ustadi. Nikamwambia, Lola, fagio hizo ziko sokoni hapa Bacoor, na zinatoka hukohuko. Akasema za hapa zimekaa sana bondeni, zimechoka. Nanay akataka jemu ya viazi vikuu vya zambarau inayotengenezwa na masista wa Good Shepherd, na iwe ya masista kweli, isiwe ya mtu aliyejipa usista. Tena nikiwa hukohuko nipitie kabichi na karoti za La Trinidad, kwa sababu huko zinalimwa na bei yake ni ya shambani. Tita mkubwa akataka kashata za karanga. Kuya akataka stroberi mbichi, tunda ambalo ukilipakia kwenye basi kutoka Baguio linafika Manila likiwa limeshajigeuza jemu lenyewe, bila masista.

Mjomba, huyo asiyeongea na mkewe, akanivuta pembeni akaniagiza sanamu. Wanaoijua Baguio wameshaelewa ni ipi. Ni kijimtu cha mbao kilichosimama ndani ya pipa, kinatabasamu, na ukilinyanyua pipa unaona kwa nini kinatabasamu. Zaidi ya hapo sisemi. Niagizwe hilo na mjomba, halafu nikasimame sokoni mchana kweupe, msichana peke yake, nichague kati ya saizi tatu.

Na mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, ambaye hata salamu zetu ni za kudaiana, akanikuta getini akasema yeye hana makuu, nimletee hata kitu kidogo tu. Msidanganyike. Kitu kidogo ndicho kibaya kuliko vyote. Ufagio una bei, ukishanunua umemaliza. Kitu kidogo hakina bei wala umbo. Ukimletea kidogo kweli amekasirika, ukimletea kikubwa waliotaja majina ya vitu vyao wanauliza mbona yeye.

Ofisini sikusema neno. Lakini mtu anayeomba ruhusa ya Ijumaa na Jumamosi ameshajitangaza. Msimamizi wangu alitia saini fomu, akainua kichwa, akasema, "Kashata za Baguio ni tamu, eh?"

Nikaondoka jioni watu wakiwa wanakula, na hilo nalo lina utaratibu wake. Mtu akiondoka wakati wengine wako mezani, kila mmoja lazima aizungushe sahani yake, ndipo msafiri atafika salama. Lola akaamuru. Sahani za wali na samaki mkavu zikazungushwa zote kwa pamoja, Kuya akizungusha ya kwake huku anatafuna na kunikumbusha stroberi. Nikaushika mkono wa Lola nikaubandika kwenye paji la uso wangu kupokea baraka. Ulipoondoka, kiganjani mwangu palibaki noti ya peso 100. Ya ufagio. Ufagio wenyewe ulizidi hapo, lakini nani anamdai bibi yake nyongeza juu ya baraka?

Mabasi ya Baguio yanaondokea Pasay, na ukiondokea Pasay huna budi kuipita EDSA. Kwa wasioijua, EDSA ni barabara ya kilomita kama 24 inayoizunguka Manila kwa nusu duara. Mwaka 1986 watu waliijaza barabara hiyo mpaka Rais Marcos akakimbia nchi. Marcos aliondoka. Watu hawajaondoka mpaka leo. Mwaka 2022 mwanawe akachaguliwa kuwa rais, foleni ikiwa palepale. Nilikaa dirishani nikalitazama bango moja la mafuta ya kujipaka kwa muda mrefu kiasi kwamba nikalijua lile tabasamu jino kwa jino.

Ndani ya basi kulikuwa na baridi kuzidi ya Baguio yenyewe. Kiyoyozi cha basi la usiku kwetu hakina katikati, ama kimezimika ama kinahifadhi nyama. Abiria wanajua. Wanapanda na blanketi, soksi, kofia za sufu, mama mmoja na taulo kichwani. Halafu ikaanza ile harufu. Msafiri wa Ufilipino haamini kwamba amesafiri hadi ajipake mafuta ya mnanaa na kafuri puani, kwenye kipaji na tumboni. Watu arobaini wamejipaka, madirisha hayafunguki, macho yanawasha. Juu ya dereva runinga inaonyesha filamu ya mapigano kwa sauti ya chini kabisa, bunduki tu ndizo zinazosikika. Kila nikisinzia mtu anapigwa risasi.

Tukasimama njiani kujisaidia, na kumbe kusimama ni jina tu, ni soko. Wauzaji wakatujia na mayai ya kware, karanga za kitunguu saumu, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka. Kijana wa siti ya jirani alinunua mifuko kadhaa ya ngozi ile akaipanga miguuni. Nikamwuliza kama ana njaa kiasi hicho. Akasema si yake, ni ya watu wa Baguio anaowaendea. Hapo nikagundua kwamba ushuru huu unatozwa pande zote mbili za safari, na mimi nilikuwa nimepona upande mmoja kwa sababu tu huko niendako sina ndugu. Nilishukuru kimoyomoyo, na Mungu anisamehe.

Tulifika alfajiri. Sasa hapa ndipo ningependa kusimulia kwa kirefu uzuri wa Baguio, na ndipo ninaposhindwa, kwa sababu sehemu yangu ilikuwa fupi. Niliketi kwenye benchi katika Bustani ya Burnham, kando ya ziwa lenye vile vimashua vya umbo la bata maji. Ukungu ulikuwa chini, misonobari inanukia, mtu anafagia njia kwa ufagio uleule wa Lola. Nilinunua taho, tofu laini ya moto ambayo kwetu chini huimwagia sharubati ya sukari nyeusi na huko juu huimwagia ya stroberi. Sikuongea na mtu. Hakuna aliyeniuliza namba ya akaunti wala kunitajia mwanasheria wake. Nilikuwa ndiyo nimeanza kuwa mtu.

Simu ikalia. Kikundi cha familia. Nanay anauliza kama nimefika. Tita mkubwa anauliza kama nimekula. Kuya ametuma picha ya stroberi, bila maneno.

Siku iliyobaki niliitumia kwenye foleni. Ya jemu kwa masista ilikuwa ndefu, na siilaumu, jemu yao ni nzuri na faida yake inasomesha vijana wa milimani, kwa hiyo hata kulalamika unakuwa umelilalamikia jambo jema. Lakini nilipokuwa pale nikaangalia wenzangu. Karibu kila mtu alikuwa ameshika simu anasoma orodha. Huyu chupa za mama mkwe, yule za bosi, yule za mwalimu wa mtoto. Nikamwuliza dada (kwetu ni Ate) aliyekuwa mbele yangu, "Na wewe mwenyewe, Ate, umejinunulia nini?" Akafikiri sana. Akasema yeye amepata mafua.

Nina nadharia yangu kuhusu hizi zawadi. Husemwa ni upendo, ni ishara kwamba ulipokuwa mbali ulitukumbuka. Sikubali. Mtu anayenitumia picha ya stroberi alfajiri hajanipa nafasi ya kumsahau ili nimkumbuke. Mimi naona ni faini. Umefurahi bila wenzako, umepumua hewa ambayo hawakuipumua, umelipa taho ya mtu mmoja. Lipa. Ndiyo maana haina risiti na haina kiwango, na ndiyo maana mwenye kutoa huwa anaomba radhi huku anatoa: "Samahani, ni hiki tu."

Na kiwango nyumbani kwetu kiliwekwa na Tita mdogo, aliyeko Doha.

Tita mdogo anasafisha vyumba vya hoteli Qatar tangu mwaka 2009. Mara kwa mara hutuma boksi. Msomaji asifikirie kifurushi. Ni boksi la katoni linaloweza kumficha mtu mzima akikunja magoti, linakuja kwa meli, linachukua wiki nyingi, na siku linapofika shughuli zote za nyumba husimama. Mambo haya yana historia. Mwaka 1973 serikali ya Marcos baba ilianzisha mpango wa kuwavuta Wafilipino wa ng'ambo waje kutembea nyumbani, ikawapa na nafuu za mizigo. Baadaye boksi likajifunza kusafiri bila mwenyewe. Sasa sheria inaliruhusu kuingia bila ushuru likiwa na vitu vya hadi peso 150,000. Mwaka 2015 forodha walipotangaza kwamba wataanza kuyafungua maboksi wakague, nchi ilichemka hadi Rais Aquino akaagiza yasifunguliwe ovyo. Tumevumilia mengi, mafuriko, umeme, EDSA. Boksi hapana.

Ndani mna nini? Sabuni. Taulo. Chokoleti zilizoyeyuka Ghuba zikaganda upya baharini kwa umbo lingine. Kopo za nyama ambazo ziko pia supamaketi ya mtaa wa pili, ila hizi Nanay hataki zifunguliwe, amezipanga kwenye kabati la vioo pamoja na sanamu ya Mtoto Yesu mtakatifu. Kila kitu kimeandikwa jina kwa kalamu nzito, ili tusigombane, na tunagombana. Nimewahi kupata viatu vizuri mno, saizi moja pungufu. Nilivivaa. Ungefanya nini, ungemwambia mtu aliyeko Doha kwamba mguu wako umekua?

Sasa weka mizani. Upande huu boksi la Doha. Upande huu mimi na chupa ya jemu. Ndugu wa Lola wakija kututembelea husema, "Huyu ndiye aliyebaki," na hawana nia mbaya. Wafilipino walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 33 kupitia benki mwaka 2023, hata serikali huwaita mashujaa. Anayelipa umeme wa Bacoor kwa mshahara wa Makati hana jina. Yuko tu.

Lakini kuna jambo linanikera kuliko hilo. Nikisema ni faini ya raha, Tita mdogo analipa ya raha gani? Anakaa chumba kimoja na wanawake wengine, mmojawao dada wa Mombasa ambaye naye kwao kuna orodha: baibui, manukato, simu ya mdogo wake. Tita anasema jioni wanakaa kila mmoja kitandani kwake wakisomeana maagizo na kucheka, yeye kwa Kiingereza cha kwetu na yule kwa Kiingereza cha kwao. Kisha Ijumaa wanakwenda pamoja kununua sabuni za watu wasiokosa sabuni. Hajaona bahari ya huko isipokuwa kwa dirisha la basi. Amefungiwa kazini, anatozwa kana kwamba yuko matembezini. Nilipomwambia hivyo kwa simu alinikatiza. "Usilete falsafa. Umeshapata ufagio?"

Ufagio nilipata. Nilipata kila kitu, pamoja na kijimtu cha pipa, nilichokinunua kwa kumwonyeshea muuzaji kidole huku natazama kwingine, kama mtu anayenunua sumu. Muuzaji, mama wa makamo, akaniuliza kwa sauti ya soko zima: "Kubwa au wastani, Ate?" Nikasema wastani. Akanisifu kwa kuwa na kiasi.

Kurudi ilikuwa adhabu yake peke yake. Kutoka kwenye basi nikapanda jipni, yale magari yetu marefu tuliyoanza kuyatengeneza kutokana na jipi za kijeshi walizoacha Wamarekani baada ya vita. Mnakaa pande mbili mnatazamana, magoti kwa magoti, mlango uko nyuma. Kondakta mara nyingi hakuna. Nauli, ambayo kiwango cha chini kilipanda hadi peso 13 mwaka 2023, inapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji inarudi kwa mikono hiyohiyo, na haipotei. Ni utaratibu mzuri sana kwa mtu mwenye mikono. Mimi nilikuwa na ufagio kwapani, kabichi mapajani, chupa kifuani, na katoni ya stroberi niliyoishika juu ya vichwa vya watu kama padri na ekaristi. Kila mara mzee wa kushoto akinipa pesa nipitishe nilizipokea kwa meno. Nilipotaka kushuka nikapaza sauti, "Para po!", dereva akafunga breki, ufagio ukaendelea. Mwanafunzi wa mbele alipigwa na majani puani. Hakukasirika. Akasema tu, "Baguio?"

Lola aliupokea ufagio wake akaukagua kama anayenunua ng'ombe. Akavuta nyasi, akapindisha mpini, akaunusa. Akasema ni mzuri, lakini ule wa sokoni hapa ni mzito zaidi. Nikamkumbusha kuhusu kuchoka. Akasema hakuwahi kusema hivyo. Kwa kuwa ilikuwa jioni hakufagia nao, maana kufagia usiku ni kufukuza bahati, akausimamisha nyuma ya mlango na hadi leo umesimama pale, hautumiki, ni wa Baguio. Tunafagia kwa ule wa zamani.

Jemu ikaingia kabatini kwa Mtoto Yesu. Kashata ziliisha kabla sijavua viatu. Stroberi, Kuya alifunua katoni, akatazama ule uji mwekundu, akachukua kijiko. Mjomba alipokea chake kwa mgongo wa mkono, akakificha kwenye mfuko wa koti, na jioni hiyohiyo Tita mkubwa akakikuta alipokuwa anafua. Akaja sebuleni amekishika. Akamtazama mumewe. Nikajiandaa kutafsiri.

"Umenunua wapi takataka hii?" akamwuliza, yeye mwenyewe, ana kwa ana.

"Baguio," mjomba akajibu.

Nanay akaacha kuosha vyombo. Wameongea tangu siku hiyo, hasa kugombana, na familia inanipongeza kwa hilo, ila gharama za kile kijimtu hakuna aliyenirudishia.

Mpangaji nilimpa chupa ndogo ya asali. Aliigeuzageuza. "Za jemu ziliisha?"

Usiku Tita mdogo akapiga simu ya video kutoka Doha, akataka kuonyeshwa vitu kimoja kimoja. Tukamwonyesha. Ufagio akaomba usogezwe karibu na kamera. Jemu akaomba ifunguliwe, Nanay akakataa, wakabishana, ikafunguliwa, Nanay akaila mbele ya simu kijiko kwa kijiko huku anamweleza ladha yake. Nyuma ya Tita yule dada wa Mombasa alikuwa anachungulia, akauliza hicho cha zambarau ni nini. Halafu Tita akasema amepata likizo, Desemba hii anakuja, na hataki hoteli wala zawadi, anataka tupande Baguio wote.

Wote maana yake wote. Kuya ameshaulizia gari la kukodi. Lola amechukua siti ya mbele kwa sababu ya kichefuchefu, na Tita mkubwa naye amechukua hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo. Nanay anabeba chungu cha umeme cha kupikia wali, maana hamwamini mtu kwa wali. Mpangaji ameuliza kama gari litakuwa na nafasi ndogo tu. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta nyumba ya kupanga huko juu kwa wiki ya Krismasi, iwe na vyumba vya kututosha, jiko, na mahali pa kuegesha, kwa bei isiyozidi ile ambayo Tita anaikumbuka kutoka mwaka 2009.